Mvua, boda na ahadi yako kwa mteja: somo la msimu huu

Somo la leo ni refu kuliko yale ya picha na bei, lakini msimu umeshaingia na oda za mwisho wa mwaka zinakuja, kwa hiyo lisome lote kabla hujampigia boda wa leo mchana.

Sisi tunaouza kwa simu huku Singida wengi wetu hatuna fremu. Mimi nauza vyombo vya jikoni na mashuka, stoo yangu ni chumba kimoja, duka ni stetasi ya WhatsApp. Kinachobaki chote ni barabara: boda wa mjini, Noah za Ikungi na Kiomboi, basi la Dodoma, Arusha au Mwanza. Mwezi wa saba unasahau kabisa kwamba kuna barabara, mzigo unaondoka na kufika. Mvua ikishuka ndiyo unaona vituko. Boda anapita kwenye dimbwi bila kujua lina kina gani, Noah inalipita lori wakati vioo vimejaa maji, gari dogo linafunga breki katikati ya lami na kugeuka lilikotoka. Watu wanasema madereva wakiona mvua wanachanganyikiwa. Ukikaa nao kijiweni ukawasikiliza, hawajachanganyikiwa. Kila mmoja ana sababu yake, na baadhi ya sababu hizo zinaanzia kwenye simu zetu sisi wauzaji. Ndiyo maana nimeona tulisome hili.

Tuanze na barabara yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inauweka mkoa wetu kwenye kundi linalopata mvua mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga au Arusha. Maana yake karibu nusu mwaka lami ya Singida haioshwi. Vumbi linakaa, oili ya malori inadondoka tone kwa tone, unga wa tairi unajikusanya. Siku mvua ya kwanza inapoanguka, hasa ile ya rasharasha isiyotosha kuosha kitu, mchanganyiko huo unalowa na kuteleza kama sabuni. Mvua kubwa ya nusu saa angalau inasafisha. Kuna mtafiti wa Marekani, Daniel Eisenberg, alichapisha mwaka 2004 uchambuzi wa ajali na mvua katika nchi yake, akakuta kwamba kadiri siku nyingi zinavyopita tangu mvua ya mwisho, ndivyo mvua inayofuata inavyoleta ajali zaidi. Yeye alikuwa anazungumzia siku na wiki. Sisi huku tunahesabu miezi.

Na dereva naye amekaa miezi hiyo hiyo bila kuona maji. Hapa ndipo watu wengi hawafikirii. Kijana aliyepewa pikipiki mwezi wa sita, akajifunza mji, akajua kila kona ya Utemini na Majengo, ukimwona mwezi wa kumi unasema huyu fundi. Lakini Novemba ndiyo mara yake ya kwanza kuendesha kwenye utelezi akiwa na mzigo wako mgongoni. Breki anazikamata vilevile kama alivyozoea. Tairi limekuwa kipara tangu Septemba na halikumsumbua, kwa sababu kwenye lami kavu kipara kinashika tu. Ile michoro ya tairi kazi yake kubwa ni kutoa maji. Wenye magari wana jambo kama hilo kwenye mipira ya waipa, imepasuka kwa jua kiangazi chote na hakuna aliyeigusa mpaka siku maji yanapojaa kioo.

Kuhusu breki nitakupa namba, kwa sababu namba hizi zimenisaidia kwenye biashara. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinakadiria kwamba gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 48 kwa saa linahitaji mita 23 kusimama, kuanzia dereva anaposhtuka hadi gari linapotulia. Kwa kilomita 32 ni mita 12. Hiyo ni lami kavu, dereva yuko macho na breki nzima. Barabara ikilowa, kitabu kinasema zidisha angalau mara mbili. Yule wa kilomita 48 sasa anataka mita 46, karibu nusu ya uwanja wa mpira, na bado hatujasema lami ina vumbi la miezi sita.

Sasa linganisha na muda anaookoa. Safari ya mjini tuseme ni kilomita 4. Kwa kilomita 50 kwa saa inachukua dakika 5 pungufu kidogo. Kwa kilomita 30 ni dakika 8. Yaani mzozo wote huu, kumpigia simu, kumfokea, kumwambia "fasta fasta mteja anasubiri", unagombania dakika 3.

Mbona basi anakimbia? Kwanza analowa. Singida ipo juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya huku ikikupiga kifuani jioni na upepo ule unatetemeka. Mwili unataka kufika. Kioo cha kofia kinajaa ukungu, anakifungua, matone yanampiga machoni, anaendesha amekunja uso na haoni mbali. Watembea kwa miguu nao wanakimbia wamejifunika kanga au mfuko kichwani, wanavuka bila kuangalia. Hilo halina mjadala, kila aliyewahi kupanda boda kwenye mvua analijua.

La pili ni hesabu. Wauzaji wengi tunafikiri boda ni bosi wa pikipiki yake. Wengi wana tajiri au wako kwenye mkataba, na hesabu ya siku haiulizi kama mvua ilinyesha. Tuseme hesabu ni shilingi 8,000 na safari ya mjini 2,000. Safari nne ni za tajiri, inayofuata ni ya mafuta, ndipo aanze kula yeye. Mvua ikishuka saa nane ikakatika saa kumi na nusu, amepoteza saa mbili na nusu nzuri za siku. Ikikatika tu, anataka kuzirudisha zote kabla ya giza. Kwa hiyo wakati wa kuogopa kuliko wote, kwa ninavyoona mimi, ni ile nusu saa baada ya mvua. Wakati inanyesha sana wenye akili wamejikinga kwenye vibaraza. Ikikata wanatoka wote kwa pamoja, lami bado ina maji, mashimo yamejaa hayaonekani, na kila mmoja ana deni la muda. Na sisi wauzaji tunafanya nini dakika hiyo hiyo? Tunapiga simu: "Mvua imekata, njoo."

La tatu ndilo sikulijua mpaka kijana anayenipelekea mizigo aliponiambia. Nilimuuliza kwa nini siku ya mvua hataki kusimama mahali ajikinge. Akasema, "Dada, mvua mimi sijaanza kuiogopa leo. Ninachoogopa ni boksi lako." Alikuwa amebeba mzigo wa muuzaji mwingine wiki ile, boksi la karatasi tupu, likalowa likafumuka, mteja akakataa kupokea, na muuzaji akakata nauli yake na kumdai fidia juu. Toka hapo akiona boksi la karatasi na wingu, anachojua ni kukimbia afike kabla halijayeyuka. Fikiria hilo. Mzigo uliofungwa vibaya unakanyaga mafuta. Ukiufunga vizuri umempa dereva ruhusa ya kwenda polepole, hata ya kusimama.

La nne ni ahadi. Kwenye matangazo yetu tunaandika "unapata leo leo", "ndani ya saa moja upo nao". Mteja anaishika ile ahadi, anakupigia, wewe unampigia boda, boda anapokea simu akiwa mwendoni, ameibana ndani ya kofia. Ahadi uliyoiandika ukiwa umekaa kwenye kochi inatimizwa na mtu aliye kwenye tope.

Kampuni kubwa zimeshapita hapa. Domino's Pizza ya Marekani ilijulikana miaka ya themanini kwa ahadi moja: chakula ndani ya dakika 30, usipopata unapunguziwa au hulipi. Ahadi ile iliuza sana. Mwaka 1989 dereva wake mmoja mjini St. Louis alipita taa nyekundu akamgonga mwanamke aliyekuwa kwenye gari lake. Kesi ikaenda mahakamani, na Desemba 1993 baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe fidia ya zaidi ya dola milioni 78. Baadaye pande mbili zilimalizana kwa pesa pungufu ya hizo, lakini ndani ya siku chache baada ya hukumu ile kampuni iliifuta ahadi ya dakika 30 nchini kwao. Hata mvua haikuwa hoja kwenye kesi hiyo. Hoja ilikuwa kwamba saa ya muuzaji inakaa kichwani kwa dereva.

Sisi hatuna milioni 78, tuna kiasi chetu. Msimu uliopita muuzaji mwenzetu wa hapa mjini alituma sufuria la shilingi 35,000 jioni, rasharasha ya kwanza kwanza. Boda aliteleza pale lami inapokutana na barabara ya udongo, kule ambako magurudumu yanapandisha tope juu ya lami, akavunjika mfupa wa bega. Wiki tatu hajafanya kazi, tajiri akampa pikipiki mtu mwingine. Sufuria halikupata hata mkwaruzo. Ubishi uliofuata ndio nataka uusikie: nani anamlipia hospitali? Pikipiki ilikuwa na bima ndogo, na bima ndogo ni kwa ajili ya wale uliowaumiza wewe, dereva mwenyewe na mzigo havimo. Muuzaji akasema yeye alikodi usafiri tu. Tajiri akasema dereva ndiye aliyeanguka. Wenzake wa kijiweni ndio waliochanga. Mimi maoni yangu ni kwamba muuzaji anayemtumia boda huyo huyo kila siku hawezi kusema alikodi usafiri tu, ila najua wengine hamtakubali, na si lazima.

Basi nikwambie ninavyofanya mimi kuanzia Novemba mpaka Aprili.

Naondoa neno "leo" kwenye matangazo. Oda ikilipwa kabla ya saa nne asubuhi inafika siku hiyo, ikilipwa baada ya hapo inafika kesho yake asubuhi. Huku kwetu mara nyingi asubuhi ni kweupe, mawingu yanajikusanya mchana na mvua inashuka alasiri kuelekea jioni, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya kazi. Kila usiku naangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanautoa kila siku kwa Kiswahili, na wakitoa tahadhari ya mvua kubwa naituma kwenye stetasi yangu pamoja na bidhaa. Mteja akishaiona mwenyewe hanibishii.

Mvua ikitukuta na mzigo haujaondoka, natuma ujumbe kabla mteja hajauliza. Unaweza kuuchukua ulivyo: "Habari dada, mvua inanyesha huku mjini na sijamruhusu boda kutoka. Mzigo wako umeshafungwa na una jina lako. Utaupata kesho kabla ya saa nne asubuhi. Kama una haraka sana, niambie nikurudishie hela yako sasa hivi." Kwa miaka mitatu walioomba hela irudishwe siwezi kumaliza vidole vya mkono mmoja. Wateja hawakasiriki kwa kuchelewa kama wanavyokasirika kwa kudanganywa kwamba "boda ameshatoka".

Kwa boda, nalipa safari kabla hajaondoka, hata kama mteja ndiye atakayenirudishia. Tumekubaliana kwamba akijikinga mvua kuna shilingi 1,000 ya kusubiri, na mzigo ukilowa kwa sababu ya kufunga kwangu hasara ni yangu. Akiwa njiani sipigi. Natuma ujumbe, atausoma akisimama. Mizigo ya upande mmoja, tuseme Mandewa au Misuna, naikusanya inakwenda pamoja. Anapata hela ya safari tatu kwa mzunguko mmoja na haraka inapungua yenyewe. Na kabla ya msimu, tairi. Nilimkopesha kijana wangu hela ya tairi la nyuma, akakatwa kidogo kidogo kwenye safari. Ni mkopo uliorudi wote.

Kufunga: mzigo unaingia kwanza kwenye nailoni nzito, unabanwa na selotepu, ndipo uingie kwenye boksi, na boksi linavaa nailoni nyingine. Wengi wanaweka nailoni ya nje tu. Ikichanika kwenye kamba ya kufungia, kwisha habari.

Upepo nao usiusahau, maana Singida ni nchi ya upepo hata bila mvua. Ile miezi ya kiangazi vumbi linafumba macho, na kwenye msimu upepo unatangulia mvua. Boksi pana na jepesi, kama la ndoo za plastiki au mito, kwenye pikipiki ni tanga la jahazi. Upepo wa ubavuni ukilipiga nje ya mji ambako hakuna nyumba za kukinga, linaisukuma pikipiki hadi upande wa malori. Mizigo ya namna hiyo mimi natuma kwa bajaji, nauli inazidi lakini mteja naye anaelewa ukimweleza.

Kwa mizigo ya mbali mambo ni mengine kidogo, kwa sababu dereva wa basi humjui na huwezi kumwambia aende polepole. Unachoweza ni kuijua njia. Ukituma Nzega, Shinyanga au Mwanza, gari linashuka mlima Sekenke kabla ya Shelui, na lori moja likiteleza pale kwenye kona foleni inalala. Kutoka Dodoma na Dar kuna mpando wa Saranda kabla ya Manyoni. Njia ya Arusha inapita Katesh, na nadhani hakuna aliyesahau tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang yalipoufunika mji, watu zaidi ya 80 wakafariki na barabara ikafungwa. Dereva akishacheleweshwa mahali kama hapo, huko mbele atataka kufidia. Basi lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa na LATRA wanafuatilia mabasi kwa kifaa cha kwenye gari, lakini Noah na Hiace unazozitumia wewe kwenda vijijini mara nyingi hakuna anayeziangalia. Kwa hiyo mteja wa mbali namwambia siku mbili, hata kama basi linafika siku moja. Likifika mapema anafurahi bure.

Wale mnaotuma Mkalama, Itigi ndani na vijiji vya Iramba, shida yenu kubwa ni makorongo. Korongo linaweza kuja limejaa na juu yako jua linawaka, kwa sababu mvua ilinyesha huko juu. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimeta 15 yanamwangusha mtu mzima, na sentimeta 30 tu yanaweza kubeba gari dogo. Konda akikupigia akasema "korongo limejaa tunasubiri", jibu lake ni moja: "Sawa kaka, subirini." Usimuulize mteja anasemaje kwanza. Mimi namwandikia kabisa kwenye boksi kwa maka pen nyeusi, "HAUNA HARAKA", chini ya jina na namba ya mteja. Kuna konda mmoja wa njia ya Kiomboi alicheka sana siku ya kwanza, akasema mizigo yote ya wauzaji wa mtandaoni imeandikwa haraka haraka, huu ndio wa kwanza kumpa pumzi.

Risiti ya mzigo usiache kudai, iandikwe na thamani, msimu huu kuliko wakati wote.

Bado kuna moja sijapata jibu zuri. Ile 1,000 ya kusubiri mvua mimi naitoa kwenye faida yangu, na kwenye bidhaa za bei ndogo inauma. Wauzaji wa Manyoni, Itigi na Ikungi, na ninyi wa mikoa jirani yenye mvua kama zetu, andikeni hapo chini mnafanyaje: mnaiweka ndani ya bei, mnamwambia mteja wazi, au mmekubaliana vipi na boda wenu?